Majirani Ilazo: nguzo ni za nani?

*Alhamisi, saa 1 usiku*

Mama Neema: Fundi geti langu vipi, ulisema leo

Fundi Geti: mama angu umeme ulikatika toka saa 4 asubuhi, mashine ya kuchomelea haiendi kwa kibatari 😂 vumilia kidogo

Baba Jeni: Habari za jioni majirani. Afadhali mmeligusa hilo la umeme. Mdogo wangu aliyeko Marekani, kule Ann Arbor jimbo la Michigan, ananiambia mji wao unaanzisha shirika lake lenyewe la umeme. Mji jamani, sio nchi. Nikakaa nikawaza, hivi sisi Dodoma ni jiji tangu 2018, tunashindwa nini?

Dada Saluni: weee Baba Jeni umeamka na lipi tena

Fundi Geti: mi nasapoti mia kwa mia, maji si tunayo DUWASA ya hapa hapa mjini, umeme nao uwe wa jiji basi transfoma ikilipuka namjua diwani wangu naenda kumgongea mlango usiku huo huo mpaka atoke na taulo

Mjumbe: Lugha jamani, kuna wazee humu.

Mzee wa Nguzo: Mbukwenyi. Nimewasoma. Subirini niweke miwani.

Dogo UDOM: shikamoo mzee, tunakusubiri wewe uliyepanda nguzo miaka 30

Mzee wa Nguzo: Marahaba mwanangu. Maji na umeme msivifananishe haraka. Maji tunayokunywa yanavutwa visimani Mzakwe, ni ya hapa hapa, yako chini ya miguu yetu. Umeme je, unatoka wapi?

Fundi Geti: Mtera! ipo Mpwapwa hiyo, si yetu 😂

Mzee wa Nguzo: Mtera ni megawati 80, na ng'ambo ya pili ya bwawa ni Iringa, kwa hiyo usiichukue yote. Maji yakitoka hapo yanashuka Kidatu yanazalisha tena megawati 204. Halafu kuna Bwawa la Nyerere kule Rufiji, 2,115. Vyote vinamwaga kwenye gridi moja, vinasafiri, vinafika Zuzu kwenye kituo cha kupoozea ndipo vinaletwa kwako. Sasa jiji likiwa na shirika lake litafanya nini? Litanunua kwa jumla kutoka gridi ile ile na kukuuzia wewe. Zanzibar ndivyo walivyo, ZECO wananunua bara, umeme unapita kwenye kebo chini ya bahari.

Dada Saluni: kumbe ni kama Mangi, ananunua katoni anatuuzia kimoja kimoja na yeye anaweka chake juu

Mzee wa Nguzo: Umeelewa kuliko mwalimu.

Baba Jeni: Mzee usinidhalilishe mbele ya wanafunzi wangu 😄

Mama Neema: Samahani naingilia, zabibu zipo nyumbani, tamu, bei ya jirani

Mjumbe: Mama Neema matangazo ni Jumamosi.

Dogo UDOM: nimeingia mtandaoni nikachimba kidogo, hii kitu huko Marekani sio ngeni kabisa, miji na wilaya kama 2,000 hivi zina umeme wao, Los Angeles yenyewe wana wao na jimbo la Nebraska lote umeme ni wa umma. ila wengi walianza zamani. kuanza sasa hivi ndo shughuli, coz kampuni iliyopo ndo ina nguzo na nyaya na transfoma, inabidi uzinunue, na haitaki kuuza. Sacramento walipiga kura 1923, wakaja kuwasha umeme wao mwisho wa 1946

Dada Saluni: miaka 23?? si aliyepiga kura kashazikwa

Dogo UDOM: kesi juu ya kesi dada. Boulder kule Colorado walianza 2011, walitaka waachane na umeme wa makaa ya mawe wa kampuni inaitwa Xcel Energy, wakapambana mahakamani na kwa wasimamizi wa bei karibu miaka 10, zikaenda dola zaidi ya milioni 20 kwa wanasheria na wahandisi na wataalamu wa kila aina, 2020 wananchi wakapiga kura tena wakasema basi bana turudi kwenye mkataba na kampuni ile ile. hawakupata hata nguzo moja

Fundi Geti: hizo hela ningewachomelea nguzo za chuma mji mzima na chenji wangepata

Dogo UDOM: 😂😂 ila sio wote walikwama. Winter Park, Florida, mji mdogo tu, umeme ulikuwa unakatika katika, wakanunua nyaya za mji wao 2005 wakaanza kuzifukia chini ya ardhi mtaa kwa mtaa maana miti na vimbunga ndo vilikuwa vinawasumbua. San Francisco nao 2019 walitoa ofa ya dola bilioni 2.5, kampuni ikakataa

Mama Neema: Mi nauliza kitu kimoja tu. Luku itashuka bei au haishuki? Nina friji mbili za barafu na juisi, nikiweka elfu 10 napata yuniti 28, na kodi ya jengo imo humo humo wakiikata unabaki unatazama mita kama umeibiwa

Mzee wa Nguzo: Bei haipangwi na anayekuuzia, inapitishwa na EWURA, na hata shirika la jiji lingepita mlango huo huo. Sasa tulieni niwaambie jambo ambalo mimi ndilo linaloninyima usingizi kwenye hoja ya Baba Jeni. Mnajua kuna wateja wa shilingi 100 kwa yuniti? Wale wasiozidi yuniti 75 kwa mwezi. Wewe Mama Neema unalipa 292, hapo bado VAT na tozo. Yule bibi wa kijijini Bahi mwenye taa mbili na simu ya kuchaji, hiyo 100 yake hailipi hata waya uliomfikia. Anayemjazia ni wewe na friji zako, na fundi na mashine yake, na wizara zote zile za Mtumba. Jiji likijitoa na wateja wake wazuri, bibi anajaziwa na nani?

Fundi Geti: mzee hapo umenipiga pabaya, bibi yangu yuko Bahi kweli na ana taa mbili kweli

Dada Saluni: nimecheka mpaka mteja kageuka nimemuunguza sikio na pasi ya nywele

Baba Jeni: Mzee nakubali kwa hilo. Lakini si nimesema Ann Arbor? Wao hawakugusa nguzo za mtu. Kura waliyopiga Novemba 2024 ni kwamba kampuni ya DTE ibaki na nyaya zake, mji uanzishe shirika la pembeni, uwawekee watu wanaotaka sola juu ya paa na betri, nao walipie kidogo kidogo kwenye bili ya mji. Habari ya kununua nyaya zote hiyo wanaifanyia uchunguzi kivyake. Mdogo wangu nae anasema jua lao la baridi ni la kuazima, miezi mingine ni theluji tu. Sisi jua hili la Dodoma linalokausha hadi mate mdomoni tunaanikia ubuyu tu

Mzee wa Nguzo: Sasa hilo ni neno. Halafu wenzenu wanagombana na kampuni za watu wenye hisa. Hapa TANESCO ni ya serikali na jiji ni la serikali, kununua nguzo ni kutoa hela mfuko wa kushoto kuweka wa kulia, katikati wakila mawakili. Lakini mapaa! Soko la Job Ndugai, stendi ya Nzuguni, shule, zahanati, mapaa yote yale yanapigwa jua bure. Hapo diwani hana haja ya kumwomba mtu nguzo.

Dogo UDOM: na betri mzee, maana jua likizama saa 12 ndo watu wanawasha

Mzee wa Nguzo: Betri ndiyo hela yenyewe. Paneli siku hizi si tatizo.

Fundi Geti: mimi swali langu, hiyo sola inabeba mashine ya kuchomelea?

Mzee wa Nguzo: Inabeba, ukiwa na inveta ya kufaa. Ya kwako ile ya kuwashia redio itatoa moshi.

Mjumbe: Baba Jeni andika hayo ya mapaa kwenye karatasi, Jumapili kuna kikao cha mtaa na diwani kasema atakuja. Ya kununua nguzo usiandike.

Baba Jeni: Sawa mjumbe. Umeme wenyewe nashukuru umerudi tangu saa 12, naandika sasa hivi.

Mama Neema: Umerudi tangu saa 12??

Mama Neema: Fundi

Mama Neema: Fundi naona umesoma