Kiazi cha kumliza mkaza mwana: gumzo la kikundi cha ukoo

Neema: Shikamooni wazee wangu, wengine mambo. Huku Cusco, Peru, ndiyo kwanza kunakucha na baridi inauma masikio. Oneni nilichokikuta jana sokoni Pisac.

Neema: [Picha]

Baba Mdogo Elia: Marahaba mwanangu. Hiyo tangawizi wanauzaje?

Neema: 😂 Ni kiazi baba. Kiazi mviringo, ila huo mviringo ndiyo hakina. Kwa Kikechua, lugha ya wenyeji wa huku, kinaitwa *qhachun waqachi*, kinachomliza mkaza mwana. Wa Ayacucho wanasema *llumchuy waqachi*, mkaza mwana huyohuyo na kilio kilekile.

Shangazi Rehema: Kamkosea nini?

Neema: Hajakosea kitu shangazi, ndiyo kwanza anaingia nyumbani. Tazama hizo nundu, na macho yalivyozama ndani. Mila yao inasema kijana akileta mchumba, mama mtu anamkabidhi msichana kiazi hiki na kisu. Akitoa ganda jembamba na kiazi kikabaki na umbo lake, anafaa. Akikikatakata hadi kikabaki cha kuokota, basi huyo atamaliza chakula cha watu.

Shangazi Rehema: Mtihani mzuri sana.

Baraka: Shangazi!!

Shangazi Rehema: Nini? Unaogopa nitamtafutia Tumaini kiazi hicho?

Tumaini: Shikamoo shangazi. Na mimi nimo humu, Baraka aliniunganisha Jumapili 🙈

Wifi Zawadi: Nimecheka hadi mtoto kaamka

Shangazi Rehema: Marahaba mama. Karibu sana, tunataniana tu humu.

Neema: Sasa sikilizeni kinachonishangaza. Viazi vya namna hii kwa kawaida havimenywi vibichi. Wanavichemsha na maganda yake, wenyewe wanaita *wayk'u*, au wanajenga *watia* shambani: tanuri la madongoa, linawashwa moto, likishika joto wanaingiza viazi na kuliangushia juu. Ganda unalibandua kwa vidole wakati wa kula. Kwa hiyo hicho kisu ni cha siku ya kumpima msichana, mapishi ya kila siku hayakihitaji.

Wifi Zawadi: Aaa! Basi si kipimo cha upishi. Ni kumwonyesha mapema nani mwenye jiko.

Shangazi Rehema: Msiwe wepesi wa kuhukumu. Mimi nililetewa kuku mzima nimkate mbele ya mashangazi wa mume, kila kiungo kihesabiwe, na firigisi iende kwa mwenye nyumba. Nilitetemeka lakini nilikata. Huyo mama wa Peru naye alikimenya kiazi hicho kwa mama mkwe wake, na hakuna aliyemfuta machozi.

Tumaini: Ndiyo shangazi, lakini angeweza kuwa wa mwisho kulia.

Baba Mdogo Elia: 😳

Baraka: Dada, na mkwe wa kiume analizwa na kiazi gani?

Neema: Nimewauliza akina mama pale sokoni. Walicheka tu wakaniongezea kiazi kimoja. Milima hii ya Andes ina zaidi ya aina 4,000 za viazi vya asili na majina mengine ni ya maumbo: *puma maki* ni mkono wa puma, yule paka mkubwa wa porini, *katari* ni nyoka. Cha kumliza bwana harusi mimi bado sijakutana nacho.

Baba Mdogo Elia: Ni dhahiri majina waliyatoa wanaume.

Neema: Hapo baba sikubaliani na wewe. Mbegu huku kwa sehemu kubwa iko mikononi mwa wanawake. Wao ndio wanaochagua cha kupanda, cha kula na cha kugandishwa kwa baridi ya usiku kiwe *chuño*, kiazi kikavu cha akiba. Siku ya kupanda, mwanaume anakanyaga *chakitaqlla*, jembe la mguu, anafungua udongo, na mwanamke anainama kuweka mbegu, maana ardhi yenyewe ni mama, Pachamama. Guaman Poma alikuwa mwandishi mzawa wa hukuhuku Peru. Mwaka 1615 hivi alichora kazi za kila mwezi, na Desemba yake iko hivyohivyo: mwanaume na jembe, mwanamke na mbegu.

Neema: Ndiyo maana mimi naona jina hili lina sauti ya mama mkwe. Vijana wengi wa huku walianza na *servinakuy*, wanakaa pamoja kabla ya ndoa rasmi, mara nyingi kwa wazazi wa kijana. Muda wote huo mama anamwangalia msichana akijiuliza: huyu ndiye nitakayemwachia ghala langu?

Shangazi Rehema: Umesema vizuri mwanangu. Ghala haliachiwi mtu ovyo.

Tumaini: Wifi Neema, nimekuelewa na nimependa. Ila ghala likiharibika wanalala njaa wote, na kijana naye anakula humo. Mbona yeye hapewi hata cha kuchambua mbegu? Wakati mchumba analia, yeye amekaa wapi?

Neema: Yuko nje na baba yake 😅

Wifi Zawadi: Kama kawaida yao, dunia nzima

Baba Mdogo Elia: Tuache hayo. Neema, ukirudi tuletee mbegu kidogo tuijaribu huku Uporoto.

Neema: Haiwezekani baba, karantini. Kiazi kinabeba magonjwa, ukikamatwa nacho bila kibali ni balaa. Kile Kituo cha Kimataifa cha Viazi, kilichopo Lima tangu 1971, kinatoa vimiche safi vya maabara, na kina ofisi Nairobi. Ulizeni kwa njia hiyo.

Shangazi Rehema: Tutatumia vya kwetu tu, navyo vina macho. Tumaini, Jumamosi unakuja?

Tumaini: Nakuja shangazi. Kwa sharti moja, visu viwe viwili.

Baraka: Niko tayari jamani, namenya.

Wifi Zawadi: Wewe? Wewe si ulituunguzia sufuria ukichemsha mayai?

Baraka: Maji yalikuwa machache.

Baba Mdogo Elia: Mimi Jumamosi sipo, nina kikao cha ushirika.

Shangazi Rehema: Elia, kikao kimeahirishwa, tangazo nimelisoma. Utakuwepo. Visu vitatu.