Maktaba za umma Marekani: kila Halloween mnaziba milango ya dharura na kuwaliza watoto wa miaka mitatu. Tumechoka!

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa malalamiko, kwa hiyo msitegemee lugha ya kubembeleza. Tunaoandika ni watu wa shughuli hizi, tunazijua kuanzia kwenye maboksi ya mapambo mpaka kwenye fomu za zimamoto, na kila Oktoba ikiingia tunaona madudu yaleyale yakirudiwa kwenye maktaba za umma huku Marekani.

Kwanza tuelewane. Hakuna anayepinga Halloween (sikukuu ya Oktoba 31 ya mavazi ya kutisha na pipi) maktabani hapa. Shughuli ya maktaba ni bure, iko ndani penye joto, na familia nyingi za wahamiaji zinaipenda kwa sababu mtoto anavaa vazi lake na kupata pipi bila kuzunguka usiku kugongea wasiowajua. Tunakasirika kwa sababu ni kitu kizuri kinachoharibiwa na uvivu.

Chanzo cha matatizo karibu yote ni kwamba maandalizi yanaanza na mapambo. Wakutubi na kamati zao wananunua utando wa buibui, mifupa ya plastiki na mashine ya moshi, halafu siku mbili kabla ya shughuli ndipo wanaulizana wanaokuja ni wa umri gani na watatokea mlango upi. Utaratibu sahihi uko kichwa chini miguu juu ukilinganisha na huo: anza na umri, kisha chumba na milango yake, kisha taa na sauti. Mapambo yanafuata mwishoni, kwa nafasi iliyobaki.

Tuanze na "nyumba ya mizimu" kwenye ukumbi wa mikutano. Wanachukua plastiki nyeusi ya kutandika, wanaitundika kutoka dari hadi sakafu, wanatengeneza njia ya kona kona gizani na kuwaingiza watoto. Mkutubi mpendwa, kanuni za ujenzi na za moto zinazotumika sehemu kubwa ya nchi hii zina jina la kitu hicho: jengo au eneo maalumu la burudani. Njia ya kutokea ikipotoshwa makusudi, au ikifichwa na giza na makelele, umeingia kwenye kundi hilo hata kama ni kwa jioni moja tu. Panatakiwa vinyunyizio vya maji darini. Pia kitambua moshi kikishtuka, taa ziwake na sauti zote za kutisha zizimike zenyewe. Msamaha wa vinyunyizio kwa banda la muda upo, lakini una masharti: eneo liwe chini ya futi za mraba 1,000 (kama mita za mraba 93), na kutoka sehemu yoyote ya ndani mpaka mlango wa kutokea iwe chini ya futi 50, yaani kama mita 15. Mangapi kati ya mabanda haya yamewahi kupimwa kwa futi kamba?

Kanuni hizi zimeandikwa kwa maisha ya watu. Tarehe 11 Mei 1984 jumba la kutisha liitwalo Haunted Castle, ndani ya bustani ya michezo ya Six Flags Great Adventure huko New Jersey, liliungua na vijana 8 wakafia ndani. Lilikuwa limeunganishwa kwa matrela, vijia vyake vilikuwa vya giza na vya kupotezana, na halikuwa na vinyunyizio. Waliokufa hawakuwa wajinga. Mtu aliyezungushwa kona gizani hajui tena mlango uko upande gani, na moshi wa sponji na plastiki haumpi muda wa kupapasa.

Kwa hiyo ukitaka banda hilo, lifanye hivi. Plastiki nyeusi toa kabisa, kwa sababu inashika moto na kudondosha matone yanayowaka. Tumia kitambaa chenye lebo inayoonyesha kimefaulu kipimo cha NFPA 701 (kipimo cha jinsi kitambaa kinavyoshika moto), na lebo ibaki mahali mkaguzi anaweza kuiona. Usiweke paa. Kitambaa kikifunika juu, maji ya kinyunyizio hayafiki chini. Na hata kuta zako ziishie angalau inchi 18 (sentimita 46) chini ya kichwa cha kinyunyizio. Njia iwe ya kwenda upande mmoja, isiyo na kichochoro kilichoziba, upana inchi 44 (sentimita 112), ili mwenye kiti cha magurudumu apite na mama mwenye kigari cha mtoto apite. Wapitishe watoto sita sita. Mtu mzima mmoja kazi yake usiku mzima iwe kusimama kwenye swichi ya taa, asipewe kazi nyingine hata ya kugawa pipi. Na ile alama inayowaka ya EXIT, jamani, acheni kuibandika karatasi nyeusi eti inaharibu giza! Anayefanya hivyo aondolewe kwenye kamati.

Sasa mashine ya moshi, ugonjwa wa kila mwaka. Mashine inapasha moto mchanganyiko wa maji na glaikoli (kemikali ya majimaji), unatoka kama ukungu wa matone madogo sana. Vitambua moshi vingi vya kisasa vinafanya kazi kwa mwanga: ndani ya kifaa kuna miale midogo, chembe zikiingia zinatawanya mwanga na king'ora kinalia. Kifaa hakitofautishi matone ya glaikoli na moshi wa kitabu kinachoungua. Matokeo yake jengo zima linatolewa nje, watoto wamevaa vazi la kipepeo kwenye baridi ya Oktoba, malori ya zimamoto yanafika. Halafu anatokea fundi wa kamati na "suluhisho": anavisha kitambua moshi mfuko wa plastiki, giza na umati vikiwa palepale. Kuzima ulinzi wa moto ndani ya jengo lenye watu kunahitaji taarifa kwa zimamoto na mlinzi wa moto anayezunguka muda wote. Mkanda wa gundi haukupi ruhusa hiyo.

Glaikoli hiyohiyo ikitulia inaacha utando wenye unyevu kwenye sakafu, watu wanateleza, na kwenye majalada ya vitabu, vumbi linanasa. Wengine wakikatazwa mashine wanakimbilia barafu kavu, yaani kaboni dayoksaidi iliyogandishwa. Kilo moja ikiyeyuka hewani inatoa zaidi ya lita 500 za gesi ya kaboni dayoksaidi, nayo ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inajikusanya chini, kwenye usawa wa pua ya mtoto aliyekaa kwenye zulia kusikiliza hadithi. Yenyewe ina baridi ya nyuzi 78 chini ya sifuri, ukiigusa kwa mkono mtupu inaunguza ngozi. Ukiifungia kwenye chupa, chupa inapasuka. Hukumu yetu ni fupi: ndani ya maktaba usilete ukungu wa aina yoyote. Balbu ya zambarau au ya kijani nyuma ya kitambaa cheupe inatosha kufanya chumba kiwe cha mashaka.

Taa za kumeta kwa kasi nazo zitoke. Mimeto kati ya 3 na 30 kwa sekunde ndiyo inayoweza kuamsha degedege kwa mwenye kifafa kinachochochewa na mwanga, na mara nyingi mtoto hajulikani kuwa nacho mpaka siku kinapomshika. Kubandika onyo ndani ya chumba hakusaidii kitu, maana aliyelisoma ameshaingia.

Tuje kwenye umri, ambako hasira yetu ni kubwa zaidi. Tangazo linasema "familia nzima mnakaribishwa", kumbe shughuli imepangwa na mtu anayewaza vijana wa miaka 15. Mtoto wa miaka mitatu hana uwezo wa kujua kuwa nyuma ya kinyago kuna yule mkutubi anayemsomea kila Jumanne. Sura isiyochezesha midomo wala macho inamtisha kuliko damu. Kwa walio chini ya miaka 5: taa zote ziwake, dakika 30 zisizidi, wafanyakazi wasivae vinyago, wanyama wawe popo, bundi na buibui wanaochekesha, na ziwepo nyimbo. Wa miaka 5 hadi 8 wanafurahia vivuli ukutani na hadithi ya kushtua kidogo, ila mwisho wake ufumbuke: kilichokuwa kinagonga dirisha kilikuwa tawi. Wa 9 hadi 12 wape tochi na mwanga hafifu. Vijana wa 13 na kuendelea wasubiri saa za kufunga, wajiandikishe majina, na hapo ndipo hadithi za kuwasimamisha nywele ziruhusiwe.

Makundi haya yatenganishwe kwa saa, vyumba peke yake havitoshi. Ukelele wa ukumbini unafika kwenye kona ya watoto wachanga, rafu za vitabu hazizuii sauti. Kama jioni ni moja tu, saa ya kwanza iwe ya utulivu: taa kamili, hakuna sauti za ghafla, idadi ya watu ndogo. Saa hiyohiyo inawafaa watoto wenye usonji, ambao sasa hivi wanaachwa nyumbani.

Halafu kuna lile pambo la mwili uliotundikwa kwa kamba shingoni, juu kabisa ya mlango wa kuingilia. Hii ni Marekani. Watu weusi walinyongwa kwenye miti mbele ya umati katika nchi hii, na picha za matukio hayo ziligeuzwa kadi za posta. Leo mtoto wa jamii hiyohiyo anapitishwa chini ya mwili wa plastiki unaoning'inia ili aazime kitabu cha hesabu? Utoeni leo, msisubiri Novemba. Na yale mapanga ya plastiki yaliyopakwa damu, kwenye miji ambayo imepokea wakimbizi wengi kutoka Kongo! Familia za Kivu, nyingi zikiwa zinaongea Kiswahili hikihiki, zinakuja maktabani kwa darasa la Kiingereza, kujaza fomu, kutumia intaneti. Hawakuja kwenye Halloween. Mama anasukuma mlango akiwa na mtoto mgongoni, cha kwanza kukiona ni panga na kiungo cha mtu kilichokatwa. Mtisho unaowekwa mahali pa lazima kupita haumpi mtu nafasi ya kukataa. Uwekwe ndani ya chumba chenye mlango, mtu aingie kwa hiari yake.

Kuna kafupa kale (kasanamu ka mifupa ya plastiki) ka kupiga kelele kwenye meza ya kuazimia vitabu. Kafupa hako kana kihisi kinachoona joto la mwili likisogea mita mbili tatu mbele yake, na wao wamekaelekeza mlangoni, kwa hiyo kanapiga ukelele kwa kila anayerudisha kitabu, mwezi mzima. Anayejaza maombi ya kazi kwenye kompyuta anakasikia. Mzee anayesoma gazeti anakasikia. Kama lazima kakae hapo, mgongoni karibu na betri mara nyingi kuna swichi, izimeni.

Pipi. Sheria ya Marekani inatambua vyakula vikuu 9 vya kuleta mzio: maziwa, mayai, samaki, jamii ya kamba na kaa, karanga, njugu za miti kama korosho na lozi, ngano, soya, na tangu Januari 2023 ufuta. Pipi ndogo za mfuko mkubwa mara nyingi hazina orodha ya viambato kwenye karatasi ya moja moja, na viambato vya pipi ndogo vinaweza kutofautiana na vya ile kubwa ya jina lilelile. Wao wanamwaga yote kwenye beseni moja na kutupa mfuko! Mfuko usitupwe: kata upande wenye viambato, ubandike mezani. Weka bakuli la pili lisilo na chakula kabisa, penseli, stika, vipete, mbali na la kwanza, na mkono unaogawa pipi usigawe humo. Boga la rangi ya samawati-kijani mlangoni, ishara iliyosambazwa nchi nzima na FARE, shirika la mambo ya mzio wa vyakula, tangu 2014, linamwambia mzazi kuwa zawadi zisizo chakula zipo. Walio chini ya miaka 4 msiwape pipi ngumu wala bisi, zinakaba.

Vishumaa vya betri vinaonekana salama kwa sababu havina moto, lakini vingi vinatumia betri bapa ya duara ya milimita 20. Ikinasa kooni inaweza kuunguza umio ndani ya saa 2. Nunua vyenye kifuniko cha skrubu kinachofunguliwa kwa bisibisi, vihesabu kabla na baada. Mtoto akimeza, anakimbizwa hospitali papo hapo. Hasubiriwi aumwe na hatapishwi.

Maboga yaliyochongwa hayana nafasi kwenye rafu. Siku chache yameanza kulainika, yanatoa maji, kuvu na vijinzi vinafuata. Paka rangi boga zima, liweke kwenye sinia.

Na tangazo liandikwe kama tangazo: umri, muda, kiwango cha giza, sauti za ghafla zipo au hazipo, pipi zipo au hazipo, na sehemu ipi ya maktaba inaendelea na kazi za kawaida. Waislamu wengi na Wakristo wengi hawasherehekei siku hii, nao wanalipa kodi zilezile. Siku hiyo wawekewe kipindi cha hadithi za kawaida saa nyingine, kitangazwe kwenye karatasi ileile, kwa herufi za ukubwa uleule.

Wenye tangazo la mwaka huu la maktaba ya mtaani kwenu, libandikeni hapa chini tulipitie mstari kwa mstari. Futeni majina ya wafanyakazi kwanza. Na kama mmeona chumba kikitayarishwa, tuambieni milango iko mingapi na ipi imezibwa.