Msaada: ndama wawili wamekufa kwa ndigana kali na dawa ya kupe napiga kila wiki

mfugaji_meru
Habari zenu wakuu. Mwezi huu nimezika ndama wawili, wa pili jana alfajiri, jike chotara wa miezi mitano. Ilianza tezi la chini ya sikio kuvimba kama limau, joto 41, akaacha kula, siku ya nne povu linatoka puani anahema kwa shida mpaka huruma. Daktari alimchoma buparvakwoni, dawa ya ndigana, ila tulishachelewa. Kinachoniuma dawa ya kupe napuliza kila jumamosi sikosi, na ng'ombe wangu hawatoki bandani, sasa hao kupe wanatoka wapi? Na ile chanjo ya ndigana kali ni kweli unachanja mara moja tu? Nimebakiwa na mitamba 3.

mama_ngombe
Pole sana kaka. Bomba unapitisha wapi? Wengi tunalowesha mgongo tunaona tumemaliza, wakati kupe wa ndigana yule wa kahawia anakaa ndani ya sikio. Kunja sikio umulike na tochi. Halafu dawa pima kwa kipimo, mimi nilikuwa napunguza ili chupa ifike mwisho wa mwezi, kupe wakaizoea, ikabidi nihamie dawa ya aina nyingine kabisa.

bwana_mifugo
Pole mkuu. Kupe hazaliwi na huu ugonjwa, anaupata akiwa mdogo akimnyonya ng'ombe mwenye vimelea, anadondoka, anajigeuza huko majanini, akipanda ng'ombe mwingine ndo anamwachia. Kwa hiyo hata wa ndani anapata, majani unakata wapi?

Chanjo ipo, wafugaji wa Kimasai huku kaskazini wanaitumia tangu mwishoni mwa miaka ya 90. Ni vimelea hai ndio maana anachomwa pamoja na antibiotiki, oksitetrasaiklini ya kukaa muda mrefu mwilini, ili augue kidogo tu mwili ujifunze. Kinga inakaa miaka. Shida yake inatunzwa ikiwa imegandishwa kwenye mtungi wa naitrojeni ya maji, yenye baridi kali, na mrija mmoja wa chanjo ni wa ng'ombe wengi, ukishayeyushwa haurudishwi, hapo lazima muungane na majirani. Na mchanje wote siku moja maana aliyechanjwa anaweza kubaki na vimelea, kupe akavipeleka kwa asiyechanjwa. Mwenye homa asichanjwe. Kupuliza usiache, maana chanjo hii haizuii magonjwa mengine ya kupe kama ndigana baridi na kukojoa damu.

mfugaji_meru
Asanteni sana. Nimetoka bandani sasa hivi, mtamba mmoja sikio la kushoto peke yake nimetoa kupe 17, wengine wadogo kama ulezi, huwezi kuwaona bila tochi. Na majani nakata kule mtoni ng'ombe wa kijiji kizima wanakopita kunywa maji. Nimeongea na majirani wanne tumefika ng'ombe 14. Bwana mifugo, wakifika wangapi ndo mtaalamu anakubali kuja na mtungi?

bwana_mifugo
Mkifika 30 hivi mtagawana gharama vizuri. Ila hao mitamba wapime joto asubuhi na jioni kuanzia leo, ikigusa 40 usisubiri tezi livimbe, muite daktari siku hiyohiyo.