Hadithi za kutisha: zipi zinawanyima usingizi?

Mkaazi wa Umoja: Wadau, zimwi lenye damu mdomoni halinitishi kamwe. Nipe mlango niliofunga kwa komeo mwenyewe, kisha niukute wazi. Hapo stima zikipotea, kitabu nakitupa chini ya kitanda! Nipeni cha Kiswahili cha aina hiyo.

Msomaji wa Kayole: Jaribu Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, 1960. Ila jina lisikudanganye, ni Bwana Msa anapeleleza mauaji.

Mkaazi wa Umoja: Upelelezi nasoma kwenye matatu, jam ya Jogoo Road. Usiku nataka jini libaki jini. Mwandishi akinifafanulia kila kitu mwishoni, naona nimepunjwa.

Fundi: Basi soma riwaya ya Kezilahabi, Nagona. Hafafanui chochote.