MJADALA: Vitongoji vya Marekani baada ya vita vilijengwa na kiwanda au na mkopo?

Wakuu, kila mada ya uhaba wa makazi ikifunguliwa lazima atokee mtu wa kusema dawa ni nyumba za kiwandani: zitengenezwe kama magari, zipakiwe kwenye lori, zifungwe boliti kiwanjani, na bei itashuka yenyewe. Mfano unaotolewa ni Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili. Mimi nabisha, na nabisha kwa mfano huohuo.

Tuanze na Lustron, kampuni ya nyumba za chuma za kiwandani. Mwaka 1946 wanajeshi wamerudi na nyumba hakuna, wengine wamejibana kwa wakwe. Carl Strandlund, mwanzilishi wake, anakwenda Washington kuomba chuma cha kujengea vituo vya mafuta, anaambiwa chuma kitatoka kwa ajili ya nyumba. Haya, akaja na nyumba. Serikali ikamkopesha zaidi ya dola milioni 30 na kumpa kiwanda kilichokuwa cha ndege za vita huko Columbus, Ohio.

Na nyumba ilikuwa nyumba kweli. Kuta za nje na za ndani, dari, paa, vyote chuma kilichopakwa enameli, ileile ya masufuria. Mchwa hana pa kuanzia, rangi hupaki tena, ukuta ukichafuka unafuta kwa kitambaa. Picha unatundika kwa sumaku, maana msumari hauingii. Vipande zaidi ya 3,000 vilipangwa kwenye tela moja, cha kuanza kufungwa kikiwekwa karibu. Zilizojengwa ni kama 2,500 tu. Mwaka 1950 serikali ikadai fedha zake, kiwanda kikafa.

Wapo wanaosema siasa ndizo zilizoiua. Siasa zilikuwepo, sikatai. Hata Seneta Joseph McCarthy alilipwa na Lustron dola 10,000 kwa makala moja ya mambo ya makazi. Lakini angalieni hela zilivyotembea. Benki zilizoea kutoa mkopo wa ujenzi kwa awamu: msingi ukiisha, kuta zikisimama, paa likipanda. Lustron ilitaka hela ya nyumba nzima kabla lori halijatoka getini. Wakala wa kawaida, yule anayemuuzia mteja na kumjengea, azitoe wapi? Ongeza kanuni za ujenzi zinazobadilika kila mji, na bei ambayo mwishoni mwa 1949 ilishapita dola 10,000, kiwanja hujalipia.

Sasa mjenzi William Levitt. Mwaka 1947 ameshika mashamba ya viazi Long Island, karibu na New York, mahali palipokuja kuitwa Levittown. Hakuwa na kiwanda cha nyumba. Alimwaga jamvi la zege chini, mbao zikaja zimeshakatwa kwa vipimo, na mafundi wakapita nyumba hadi nyumba, kila kikosi na kazi yake moja katika hatua kama 27. Hadi 1951 nyumba 17,447 zimesimama. Nyumba ya kuuzwa ya mwaka 1949 ilikuwa dola 7,990.

Aliyefanya zinunulike ni nani? Shirika la serikali la FHA, lililoanzishwa 1934, lilikuwa linadhamini mikopo ya nyumba, na sheria ya 1944 ya wanajeshi waliorudi ikaongeza dhamana yake. Askari aliingia bila kutanguliza hata senti. Kwa hiyo jibu langu ni mkopo.

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu:

Mkuu mmoja anasema nabishania maneno tu, kwamba Levitt naye alifanya kiwanda, ila chake kilikuwa shambani. Nusu nakubali. Lakini kiwanda cha shambani hakina mitambo ya mamilioni inayodai riba hata siku ambazo hujauza kitu. Soko likizubaa, Levitt anasimamisha vikosi. Strandlund alikuwa anadaiwa palepale.

Mwingine kasema mkopo uliwapa makazi Wamarekani wote. Hapo hapana kabisa. Mwongozo wa FHA wenyewe uliwaonya wakopeshaji juu ya kuchanganya rangi mtaa mmoja. Mikataba ya mwanzo ya Levittown ilikataza nyumba kukaliwa na asiye mzungu, isipokuwa mtumishi wa ndani. Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua 1948 kwamba masharti ya namna hiyo hayawezi kutekelezwa mahakamani, Levitt aliendelea kutowauzia Weusi. Mwaka 1957 familia ya Myers, ya Weusi, iliponunua nyumba kwa mwenyewe katika Levittown nyingine ya Levitt, ya Pennsylvania, umati ulikusanyika nje usiku baada ya usiku na mawe yakarushwa. Bwana Myers alikuwa askari mstaafu wa vita hiyohiyo.

Anayeamini Lustron ingepona kama ingeongezewa miaka miwili aje na hesabu. Atuambie hasa wakala angepata wapi hela ya kulipia nyumba nzima getini.