Wakuu, heka ni ekari au hekta? Nahitaji jibu kabla ya Jumamosi

Mgebuka Mkavu (mwanzisha uzi)
Habari za jioni wakuu. Niko Kigoma. Mwenye ujuzi anieleze neno acre la Kiingereza lilitoka wapi na maana yake hasa ni nini. Huku kila mtu anasema "heka", na ukimuuliza heka ni kiasi gani ananyoosha mkono: kuanzia pale hadi kule. Nahitaji jibu la uhakika. Matusi sitaki.

Mwalimu Mstaafu
Swali zuri, hatimaye. Acre ni æcer ya Kiingereza cha kale, na mwanzoni lilimaanisha shamba tu, halikuwa kipimo. Ni ndugu wa Acker ya Kijerumani na ager ya Kilatini, ile iliyozaa agriculture mliyoikariri shuleni. Baadaye likawa eneo ambalo jozi ya maksai hulima kwa siku moja. Ndiyo maana ekari ya asili ilikuwa ndefu na nyembamba, yadi 220 kwa yadi 22: kugeuza maksai na plau ni kazi, kwa hiyo mkulima alinyoosha mtaro kadiri alivyoweza kabla ya kugeuka. Urefu huo wakauita furlong, yaani urefu wa mtaro. Kwa leo ekari ni mita za mraba 4,047. Hekta haina undugu nayo. Hiyo ni ya Wafaransa na vipimo vyao vipya vya 1795, kutoka neno la Kigiriki la mia, na ni mita za mraba 10,000. Anayesema heka ameyakwangua maneno mawili akapata la tatu.

Kaka wa Mwanga
Maksai wa wapi Kigoma hii, mwalimu? Ekari yetu sisi ni mtu, mkewe, majembe mawili na ugomvi.

Mama Mawese
Mimi na heka msiniambie kitu. Shamba la marehemu kaka yangu kule Kalinzi lilipimwa kwa hatua, 70 kwa 70. Jirani alipokuwa ananunua alikuja na kijana mrefu kama mnazi. Miaka ikapita, anauza, akamleta mjukuu wake wa darasa la tatu ndiye apige hatua. Tulicheka hadi tulipoanza kulia. Kahawa yenyewe ilishakatwa.

Mpima wa Mtaani
Mama Mawese kagusa penyewe. Hatua 70 kwa 70 inakubali kwa mtu mzima mwenye hatua ya sentimita 90 hivi: upande unakuwa mita 63, na ekari ya mraba ina upande wa mita 63.6. Wanaosema MITA 70 wanakosea, hiyo ni 4,900. Mtoto mwenye hatua ya sentimita 60 atakupa 1,764, haifiki hata nusu ekari. Mleta uzi, mtu haulizi asili ya neno kwa haraka hivi. Kuna mkataba mahali?

Mgebuka Mkavu
Nilitaka elimu tu. Lakini sawa, kuna shamba Simbo, karatasi imeandikwa "heka tatu". Mimi naelewa ni hekta, kwa sababu ni kubwa kwa macho, na miche ya michikichi nimeshaagiza, 430.

Mpima wa Mtaani
Kwa hiyo ulishaamua ni hekta kabla ya kuuliza. Mchikichi unapandwa mita 9 kwa mtindo wa pembetatu, miche 143 kwa hekta. 430 ni hekta tatu. Zikiwa ekari tatu, inaingia 174. Hela umetoa? Nani alipiga hatua?

Mgebuka Mkavu
Hatua alipiga kijana wa pale pale nyumbani. Hela si swali langu.

Mama Mawese
Kijana wa darasa la ngapi?

Mgebuka Mkavu
La nne. Haya, nimelipa yote. Muuzaji ni baba mkwe. Mtu kakupa binti yake, leo umtandikie futi kamba shambani kwake? Nyie mngeweza?

Mzee wa Gungu
Mwanangu, mkwe anaheshimiwa, na karatasi inaheshimiwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 haijui mkwe. Halmashauri ya kijiji imepitisha mauziano hayo? Vijana mnaandikiana sebuleni, mnakunywa soda, mnaita mkataba. Enzi zetu mtu alipanda minyaa mpakani mbele ya majirani.

Mgebuka Mkavu
Mwenyekiti anajua. Alikuwepo kwenye soda.

Mnyamwezi wa Ipuli
Samahani watani zangu, hii ni chai, tena ina tangawizi. Fukueni nyuzi zake. Huyu huyu juzi juzi tu alikuwa anatafuta mchumba "mcha Mungu, asiyependa simu". Leo ana mke, baba mkwe, shamba na miche 430?

Kaka wa Mwanga
Nimeufukua. Ni yeye kweli 😂 Mkuu, mchumba ulimpata humu humu?

Mgebuka Mkavu
Sikusema nimeoa. Mahari nimemaliza, ndoa bado. Ndiyo maana siwezi kwenda na mpima kabla ya Jumamosi, Jumamosi ndiyo wazee wanapanga tarehe.

Mama Mawese
Kumbe! Hiyo heka ni mahari ya pili. Na simu, anapenda au hapendi?

Mwalimu Mstaafu
Turudi kwenye mada. Muulize mkwe neno moja tu, kwa adabu: "Baba, ni ekari au hekta?" Aandike kwa mita, pande zote nne, mbele ya halmashauri.

Mgebuka Mkavu
Akisema ekari?

Mpima wa Mtaani
Basi utakuwa umeoa na miche 256 ya ziada.

Kaka wa Mwanga
Ni tenera, ile michikichi chotara, kutoka kituo cha utafiti cha Kihinga? Unaiachia bei gani?