ETI SIFA YANGU "ANAWAHI CHAI"!!! Hii ndiyo tathmini ya kazi au mipasho?

Misumari ya Bati:
Wakuu, nimekaa hapa Raskazone tangu saa kumi naangalia bahari na bahari siioni. Naiona ile fomu tu.

Leo ilikuwa siku ya tathmini kazini. Bosi wangu mnamjua. Tanga nzima mnamjua, yule mwenye rundo la funguo kiunoni utadhani kakabidhiwa magereza yote ya nchi. Akipita Ngamiani, Chumbageni wanasikia. Simtaji.

Miaka 6 nashika stoo. Misumari, vitasa, rangi, saruji. Halijapotea hata komeo. Mwezi wa nne maji yaliingia, nikahamisha mifuko 120 ya saruji mimi na kijana mmoja, mgongo mpaka leo ukiniita naitika. Nikasema leo ndiyo siku yangu. Nimevaa shati la Idi.

Nilidhani tutakaa wawili ofisini. Wapi! Katukusanya wote 9 kwenye meza ya chai, saa nne, maandazi yako mezani. Analamba kidole, anafunua karatasi, anasoma kwa sauti ya mnadani: "Sifa njema za mfanyakazi." Akanyamaza. Akanitazama. "Anawahi chai."

ANAWAHI CHAI. Nukta.

Jamani kicheko kile! Mtu wa mauzo kapaliwa na andazi mpaka kapigwa mgongo. Kijana wa fildi, ana wiki 3 pale, hata choo anaonyeshwa, naye anacheka. Nadhani kivuko cha Pangani kilizima injini kisikilize.

Sehemu ya kuboresha: "Ajitume." Nikauliza bosi, nijitume vipi, nilikosea wapi, lini? Kasema "unajijua mwenyewe." Ndiyo najijua! Mimi ni mtu wa mifuko 120!

Na fomu yenyewe ni fotokopi iliyokaa upande. Penye cheo pamepakwa wino mweupe, ukiinyanyua juani unasoma chini yake "Mlinzi wa usiku". Ndiyo maana kuna kipengele "Hasinzii lindoni". Nimepewa 2 kati ya 5. Nasinzia wapi, stoo haina hata kiti?

Lakini hilo nasamehe. Anawahi chai, wakuu. Kaandika kwa kalamu. Akaniambia nisaini. Nimesaini.

Dagaa Mchele:
Hii chai.

Misumari ya Bati:
Dagaa, leo neno hilo usinitajie kabisa.

Baiskeli Haina Breki:
Pole mkuu. Swali dogo tu. Unawahi au huwahi?

Misumari ya Bati:
Sasa hilo ndilo la kuuliza?

Baiskeli Haina Breki:
Nataka kuelewa. Mezani unafika saa ngapi?

Misumari ya Bati:
Saa nne kasorobo. Kwa sababu stoo imepakana na jiko!!

Baiskeli Haina Breki:
Bosi kafanya utafiti. Nampa 5 kati ya 5.

Bi Kiroho Safi:
Mwanangu usiwasikilize hao. Nimesimamia jiko la hoteli miaka mingi, na huyo bosi wako kakukosea adabu. Mtu humngoji Desemba umwambie kosa la Februari. Nilikuwa na daftari, kila Ijumaa mistari miwili: fulani kafanya hili, fulani kaharibu lile. Siku ya kuzungumza namwita peke yake, narudisha mlango, namwanza yeye: mwaka huu lipi ulifanya ukajipenda? Wakitaja, mengine hata sikuwa na habari nayo. Kosa nalisema lilivyotokea, "Jumanne ile pilau ilishika ukiwa kwenye simu", si "wewe mvivu". Ukimwita mtu mvivu atarekebisha nini, ukoo? Halafu tunakubaliana jambo moja la kufanya, na baada ya mwezi namuuliza limefika wapi.

Ila na wewe. Mifuko 120 umeiandika wapi? Umekwenda mikono mitupu na shati la Idi.

Misumari ya Bati:
Bi mkubwa shikamoo. Nimeumia zaidi sasa.

Mwalimu wa Zamu:
Nyie wa kampuni mnadeka. Sisi serikalini tulianza na taarifa ya siri, unaandikwa na hujui umeandikwa nini. 2004 ikaja OPRAS, tathmini ya wazi, huko 1 ndiyo alama ya juu na 5 ndiyo mbovu. Tulikuwa na mwenzetu kapewa 1, kalia ofisini mpaka kaletewa maji, hakuna aliyemweleza. Sasa ni PEPMIS, mfumo wa kompyuta, kazi unajaza mwenyewe mtandaoni na mkubwa wako anathibitisha. Nimepanda mwembe wa shule kutafuta mtandao ili nijaze kwamba nimefundisha. Nimeshuka na maembe matatu, PEPMIS bado inazunguka. Nani kalia kwa ajili yangu?

Dagaa Mchele:
Ulijaza na maembe?

Wakili wa Barazani:
Kisheria. Kanuni za utendaji bora, Tangazo la Serikali (GN) namba 42 la 2007, zinamtaka mwajiri kabla hajamwachisha mtu kwa utendaji duni achunguze chanzo, ampe mwongozo, mafunzo ikibidi, na muda wa kutosha wa kujirekebisha. "Ajitume" si mwongozo.

Misumari ya Bati:
Sijaachishwa kazi.

Wakili wa Barazani:
Ukiachishwa una siku 30 za kupeleka shauri CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nakuwekea akiba tu.

Misumari ya Bati:
Unaniombea mabaya?

Mtoto wa Makorora:
Mimi bosi wangu kaniandikia "ana nidhamu ya kutosha". Ya kutosha nini? Kama chumvi?

Baiskeli Haina Breki:
Afadhali wewe. Wangu hata hajui jina langu, kaandika la marehemu aliyekuwa kwenye kiti changu. Marehemu kapandishwa mshahara.

Bi Kiroho Safi:
Laa! Haki yake apelekewe.

Dagaa Mchele:
Turudi kwenye mambo ya maana. Hayo maandazi ya mezani mnanunua wapi? Pale kwetu Barabara ya 12 siku hizi unang'ata andazi unakuta upepo. Nimeng'ata moja jana, likapumua.

Mtoto wa Makorora:
Wanazidisha amira. Na iliki hawatii tena, wanakupitishia tu kwa mbali.

Mwalimu wa Zamu:
Tena bei wamepandisha. Huo ndio uzi wa kufungua, si huu.

Misumari ya Bati:
Jamani, tulikuwa tunazungumza tathmini yangu.

Dagaa Mchele:
Tumekusikia, anawahi chai. Sasa wewe unayefika wa kwanza ndiye unayeyaona yakiwa ya moto. Yakoje?

Misumari ya Bati:
...Ya shilingi 200. Iliki ipo. Lakini ukichelewa yale makubwa huyapati.